Somo: Kusoma ramani za Mjerumani ili kuijua Tanganyika ya ukoloni

Wakuu, salaam. Kila wiki naulizwa faraghani: "Mbona kijiji chetu hakipo kwenye ramani ya Mjerumani?" Nimechoka kurudia, naandika mara moja.

1. Tafuta nakala unayoweza kuivuta hadi herufi ndogo zisomeke.

2. Hakiki mwaka. Reli inasaidia, tazama imechorwa hadi wapi: Reli ya Kati ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914.

3. Soma majina kwa matamshi ya Kijerumani. "Sch" ni sh, "dsch" ni j, "j" ni y. Udschidschi ni Ujiji, Moschi ni Moshi, Njassa ni Nyasa. Mengine walibandika yao: Wilhelmstal ni Lushoto, Bismarckburg ni Kasanga, Neu-Langenburg ni Tukuyu.

4. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilikuwa natafuta alikozaliwa babu mzaa mama. Nikaliona jina, nikapima umbali kutoka mtoni, nikasafiri siku mbili, nikakuta pori. Jina lile halikuwa la mahali, lilikuwa la jumbe, yaani mkuu wa kijiji. Mpimaji alikuwa akipita na wapagazi, anauliza "hapa kwa nani?", anaandika jina la mtu. Jumbe akifa au akihama, jina linahama naye. Kusini kuna Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, njaa ikafuata, watu wakatawanyika. Halafu Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikahamisha wengine tena. Kwa hiyo USISAFIRI kwa jina moja. Shika mlima au makutano ya mito kwanza, jina baadaye.

5. Peupe kwenye ramani si kwamba hapakuwa na watu. Tazama majina yalivyojipanga kama shanga: hiyo ndiyo njia aliyopita mpimaji. Nje ya njia hakuuliza.

MASWALI

— Mkuu, kwetu sipaoni, nisaidie.
Kwenu wapi? Ramani ipi, ya mwaka gani? Rudi hatua ya 2 na ya 3.

— Si ungetuwekea ramani zote hapa?
Hapana. Nimeeleza namna ya kusoma, na hiyo ndiyo kazi yenyewe.

— Mpaka wa Kenya umenyooka halafu unapinda Kilimanjaro. Kweli Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake mlima?
Swali zuri sana. Linganisha miaka: Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mstari huo 1886, na Wilhelm wa Pili, huyo mjukuu, alianza kuwa Kaizari wa Ujerumani 1888. Kwa hiyo si zawadi. Ulikuwa mgawano wa mezani. Fuata mstari kwa kidole kuanzia pwani, mdomo wa mto Umba, hadi Ziwa Victoria, uandike ni malisho ya nani umeyakata. Ukimaliza tuletee hapa, nami nitachangia.

— Nyongeza: wasomeeni wazee majina kwa sauti. Nilimsomea bibi karatasi nzima, kimya. Kufika jina moja akanishika mkono, akaanza kuwataja watoto wa jumbe yule mmoja mmoja.
Mkuu, yaandike majina hayo leo hii, na umuulize walihamia wapi.