Breki zikifeli ugenini: gari hubebwa, halivutwi kwa kamba

Gari lililofeli breki halivutwi kwa kamba, hata kama rafiki yuko dakika kumi kutoka hapo na kamba anayo. Hupakiwa juu ya gari jingine likabebwa. Tunaanza na hili kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapokosea: mtu akikwama nchi ya watu, hofu ya gharama humfanya ampigie kwanza ndugu mwenye gari kubwa. Mnapovutana kwa kamba, gari la nyuma ndilo linalotakiwa kushika breki kila la mbele linapopunguza mwendo, ili kamba ibaki imekazwa. Lisipokuwa na breki litamgonga anayelivuta kwenye taa za kwanza tu. Polisi wakiwakuta mnaweza kushtakiwa wote wawili, na kampuni ya bima ikapata sababu ya kukataa kulipa.

Gari likiwa bado linakwenda

Breki za gari la kisasa zimegawanywa katika njia mbili za mafuta, kila moja ikihudumia magurudumu mawili. Mara nyingi la mbele kulia huenda na la nyuma kushoto. Kwa hiyo ni nadra zote kufa pamoja. Pedali ikizama hadi chini, ikanyage na kuiachia haraka haraka mara kadhaa, kwani presha inaweza kurudi kiasi. Ikiwa ngumu kama jiwe, uwezekano mkubwa ni kwamba buusta, kifaa kinachoongezea mguu wako nguvu, ndiyo iliyokufa na breki zenyewe zipo. Kanyaga kwa nguvu zako zote, hata kwa miguu miwili.

Washa taa za hazadi na ushushe gia mojamoja. Kwenye otomatiki tumia L, 2 au alama ya kutoa (−). Usitie P gari likiwa kwenye mwendo, na usizime injini: ukiizima, buusta hubakiwa na nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili tu, usukani unakuwa mzito, na ufunguo ukichomolewa usukani unaweza kujifunga kabisa.

Handbreki ya waya ivutwe kidogokidogo huku kidole gumba kikiwa kimebonyeza kitufe, ili uweze kuilegeza mara moja magurudumu ya nyuma yakianza kuteleza. Ikiwa ni ya umeme, vuta swichi uishikilie hivyohivyo bila kuiachia. Kwenye magari mengi kompyuta italisimamisha gari yenyewe. Tafuta ukurasa huo kwenye kitabu cha gari lako leo hii, ukiwa umetulia.

Ukishasimama

Watu kwanza, gari baadaye. Shukeni kwa milango ya upande ulio mbali na magari, mruke ukingo wa chuma na kusimama nyuma yake, mkirudi kidogo kule magari yanakotokea, ili gari lenu likigongwa lisisukumwe likawaangukia. Watoto washikwe mikono. Baridi isimrudishe mtu ndani ya gari, kwa hiyo weka blanketi na makoti kwenye buti kabla ya majira ya baridi. Kama gari limekufa katikati ya njia na kushuka ni hatari, bakini ndani na mikanda mkiwa mmeifunga, hazadi ikiwaka, mpige simu ya dharura: 112 kote Umoja wa Ulaya, 999 Uingereza na Falme za Kiarabu, 911 Marekani na Kanada, 000 Australia.

Sheria ya pembetatu ya tahadhari hutofautiana. Uingereza huwekwa angalau mita 45 nyuma ya gari kwenye barabara za kawaida, lakini kwenye barabara kuu za mwendo kasi hairuhusiwi kabisa. Ujerumani ni lazima uwe na pembetatu na kizibao cha kuakisi mwanga, na kwenye barabara ya kasi pembetatu huwekwa mita 100 au zaidi nyuma. Vizibao vikae ndani ya gari, mahali mkono unapofika. Ukiviweka kwenye buti utalazimika kushuka bila kizibao ili ukakichukue.

Ukiwa hujui ulipo, tazama nguzo fupi za pembeni mwa barabara kuu ya kasi. Uingereza zipo kila mita 100 na zina namba. Mshale wake unaelekeza simu ya dharura iliyo karibu, na ukiitumia simu hiyo, anayepokea anajua ulipo. Ujerumani pia nguzo zina mishale. Ufaransa usihangaike kumwita mtu wako: kwenye barabara kuu za kasi, kampuni zilizoidhinishwa tu ndizo zinazoruhusiwa kukokota gari. Tumia simu ya rangi ya chungwa iliyo pembeni, au 112 ikiwa haipo, kisha udai risiti ili bima yako ikurudishie.

Simu ya brekidauni

Bima kubwa, ile inayolipa hata uharibifu wa gari lako mwenyewe, si lazima iwe na huduma ya msaada barabarani. Soma mkataba wako, au jiunge na chama cha madereva cha nchi uliyopo, kama AA au RAC kwa Uingereza, ADAC kwa Ujerumani, AAA kwa Marekani na CAA kwa Kanada. Angalia watakubeba umbali gani bila malipo ya ziada, kwa sababu uanachama wa bei ya chini huishia maili chache.

Unapopiga, tamka wazi kwamba breki zimefeli na kwamba gari haliwezi kuendeshwa. Ukisema tu gari limeharibika, anaweza kuja fundi wa pikapu mwenye betri na jeki, mkapoteza saa mbili. Omba brekidauni yenye jukwaa bapa, inayobeba gari zima mgongoni. Mweleze pia kama gari ni otomatiki, kama linavuta magurudumu yote manne, kama ni la umeme, kama handbreki ni ya swichi, kama kuna gurudumu lililojifunga, na mko watu wangapi. Haya yanaamua gari gani litumwe. Gari linalovuta magurudumu yote manne likikokotwa huku mawili yakizunguka chini, gia zake zinaweza kuharibika, na la umeme huchukuliwa juu ya jukwaa tu.

Ikitokea brekidauni ambayo hukuiita, ikataeni kwa adabu. Kabla ndoano haijaguswa, uliza jina la kampuni, namba ya kazi uliyopewa kwenye simu, gari linapelekwa wapi na bei ni kiasi gani. Polisi wakiamuru liondolewe, hapo huna uchaguzi. Uliza tu linapelekwa yadi gani na ulifuate upesi, maana ada ya kulihifadhi huhesabiwa kwa siku. Piga picha pande zote nne na namba ya kilomita, toa nyaraka na vitu vya thamani, acha ufunguo wa gari peke yake.

Wakati wa kupakia, waya wa winchi, mashine inayolivuta gari hadi jukwaani, hufungwa kwenye pete ya chuma ya kuvutia gari, ambayo mara nyingi iko na vifaa vya tairi kwenye buti. Bandua kifuniko kidogo cha mraba au duara kwenye bampa, uone tundu lenye uzi. Kwenye magari mengi uzi huo ni wa kushoto, kwa hiyo pete hukazwa kwa kuizungusha kinyume cha saa, halafu humaliziwa kwa spana ya tairi hadi igote. Ikiachwa nusu, uzi hung'oka gari likiwa katikati ya mteremko wa jukwaa, na gari hilo halina breki. Msisimame nyuma ya gari wala kwenye mstari wa waya wa winchi.

Chanzo ni nini

Mkiwa mnasubiri mahali salama, tazama chupa ya mafuta ya breki bila kuifungua. Ikiwa tupu, kuna mahali panavuja: matone ya rangi ya asali karibu na gurudumu, yenye utelezi ukiyasugua kati ya vidole viwili. Usijaze ukaondoka, kwa sababu hewa imeshaingia kwenye mabomba. Na kamwe usimimine oili ya injini. Hayo ni mafuta ya madini, nayo huvimbisha raba zote za mfumo, na bili ya hose moja inageuka kuwa bili ya breki nzima.

Pedali ikirudi yenyewe baada ya nusu saa ya kupoa, usiende popote. Hiyo ndiyo dalili ya mafuta ya zamani. Mafuta ya breki hunyonya unyevu: ya aina ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230, yaliyonyonya maji huweza kuchemka kwenye 155. Kwenye mteremko mrefu yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea, kwa hiyo pedali inazama. Ndiyo maana watengenezaji wengi husema yabadilishwe kila miaka miwili, hata gari likiwa halitembei sana.

Pedali inayozama polepole ukiwa umesimama kwenye taa, bila tone lolote chini, humwelekeza fundi kwenye raba za ndani za masta silinda, pampu inayosukumwa na pedali.

Tatizo la nchi za baridi hasa ni chumvi. Inamwagwa barabarani kuyeyusha barafu, inakaa juu ya mabomba ya chuma yanayopita chini ya sakafu, na kutu huyala taratibu kutoka nje, hasa pale yanaposhikwa na klipu, ambapo tope hukaa lenye unyevu. Bomba likikunwa kwa kucha na kubanduka magamba, limekwisha. Hupasuka siku ile unapokanyaga kwa nguvu zote, kwa sababu ndipo presha inapokuwa kubwa kuliko siku zote. Ukinunua gari la miaka kumi au zaidi, mlipe fundi alinyanyue na kuyafuata mabomba hayo kwa tochi kutoka masta silinda hadi magurudumu ya nyuma, akifungua vifuniko vya plastiki vilivyo njiani. Likipasuka moja, badilisha na lile la pembeni yake. Umri wao ni mmoja. Omba yawekwe ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambayo hustahimili kutu vizuri zaidi.