Kuvuta Biri Siku ya Kupika Bia Nyumbani, Malindi

Anayepika bia nyumbani ana kazi ya saa tano au sita, na sehemu kubwa ya saa hizo ni kusubiri: kusubiri maji yapate moto, kusubiri kimea kitoe utamu wake, kusubiri hopsi, yale maua makavu yanayokolezwa kwenye bia, zichemke hadi zitoe uchungu wake. Katika kusubiri huko ndipo biri, yaani ile sigara nene inayosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku, hupata nafasi yake. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuviweka viwili hivyo pamoja katika ua wa nyumba ya Malindi bila kimoja kuharibu kingine, na kanuni inayouongoza ni moja tu: biri huwashwa wakati togwa, yaani maji matamu ya kimea yasiyotiwa hamira bado, liko motoni, na huzimwa kabla togwa hilo halijaanza kupozwa. Vijidudu vinavyotoka mdomoni na vidoleni hufa katika mchemko. Baada ya mchemko hakuna kitakachoviua, na bia itachachuka.

Kabla ya vyombo ni sheria na majirani. Sheria ya Kenya ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 inataka leseni kwa anayetengeneza au kuuza pombe, na utoaji wa leseni umo mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo mkazi wa Malindi anapaswa kuuliza katika ofisi za Kaunti ya Kilifi kabla hajanunua hata kilo moja ya kimea, na asithubutu kuuza. Sheria ya tumbaku ya mwaka 2007 nayo inakataza kuvuta mahali pa umma, hivyo baraza inayotazama njia si pahali pake. Katika mji wa kale, ambako nyumba zimebanana na msikiti hauko mbali, mvuke wa kimea na moshi wa tumbaku huingia dirishani kwa jirani asiyetaka kimoja wala kingine. Mwenye nyumba huko afadhali apike kwa rafiki mwenye shamba nje ya mji, na mwezi wa Ramadhani aache kabisa. Lamu mjini nisingejaribu siku yoyote.

Ua unaofaa ni ule ulio wazi juu. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nyumba nyingi za huku zina banda la makuti uani, na banda hilo ndipo mtu anapopenda kukaa kwa ajili ya kivuli. Makuti makavu hushika moto kwa cheche moja, na upepo wa kaskazi ukiwa umeanza, moto huo hauzimiki kwa ndoo. Meko ya gesi yawekwe juu ya saruji, mbali na paa la makuti, na yazungushiwe kipande cha bati upande upepo unakotoka ili ndimi za moto zisiyumbe. Mtungi ukae mbali na meko kadiri mpira unavyoruhusu, na viungo vya mpira vipakwe maji ya sabuni kila mara kabla ya kuwasha. Mapovu yakitokea, gesi inavuja na hakuna biri wala bia siku hiyo hadi mpira ubadilishwe. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutambaa chini, kwa hiyo mvutaji akae kwenye kiti, upande upepo unakoelekea, ili majivu yake yapeperuke mbali na sufuria.

Kuhusu biri yenyewe, tatizo la pwani ni joto na unyevu. Biri za kawaida, kama zile za Kuba na za Jamhuri ya Dominika, hutaka unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 18 hadi 21. Nje ya nyumba za Malindi joto hucheza baina ya nyuzi 22 na 32 hivi. Joto likipita nyuzi 24 hivi, mayai ya mdudu wa tumbaku, ambayo huenda yamo ndani ya majani tangu shambani, huanguliwa, na mdudu huyo mdogo wa rangi ya kahawia hutoboa biri matundu membamba kama ya sindano. Dawa yake ni kuzifunga biri ndani ya mifuko miwili isiyopitisha hewa, kuziweka kwenye friza siku tatu, kuzihamishia kwenye sehemu ya kawaida ya friji siku moja, kisha kuziacha zirudie joto la chumba zikiwa bado zimefungwa. Baada ya hapo zikae ndani ya chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, pamoja na pakiti ndogo ya kudhibiti unyevu, katika chumba chenye ubaridi kuliko vyote. Sanduku la mbao la fahari halihitajiki.

Lakini mji huu una njia rahisi zaidi. Waitaliano wamekuwa wakija na kukaa Malindi tangu miaka ya 1960, wakati kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco kilipojengwa Ngomeni, na biri yao ya toscano ndiyo ninayoipendekeza kwa siku ya kupika. Husokotwa kwa tumbaku ya aina ya Kentucky iliyokaushwa kwa moshi wa kuni, ni nene katikati na nyembamba ncha zote mbili, na kwa kawaida hukatwa katikati ikawa biri mbili fupi. Hupenda ukavu kuliko ndugu zake, kwa hiyo chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana inaitosha. Nusu ya toscano huungua kwa karibu nusu saa, na ukali wake unalingana na harufu nzito ya kimea. Anayetaka kitu cha saa nzima achukue robusto, yenye urefu wa milimita 124 na unene wa milimita 20 hivi, ambayo ikivutwa polepole huchukua dakika 45 hadi 60. Zilizo kubwa kuliko hiyo sizipendekezi. Zitamfunga mpishi kwenye moshi wakati kazi safi inamngoja.

Sasa kupika. Kwa lita 20 za bia ya rangi ya kahawia isiyo chungu sana, unahitaji kilo 4.2 za kimea cheupe cha shayiri na gramu 300 za kimea cha karameli, vyote vikiwa vimepondwa bila kusagwa unga, gramu 60 za hopsi za East Kent Goldings, na pakiti moja ya hamira ya bia. Maji yasitoke kisimani: visima vingi vya karibu na ufuo vina chumvi, na chumvi hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Maji ya bomba, yanayovutwa kutoka Baricho kwenye Mto Sabaki, yanafaa, ila klorini yake ikikutana na kimea huzaa ladha ya dawa ya hospitali. Yachemshe jioni ya kutangulia na uyaache wazi usiku kucha yakiwa yamefunikwa kwa kitambaa safi.

Pasha lita 13.5 hadi nyuzi 73, mimina kimea huku ukikoroga ili kisifanye madonge, na mchanganyiko utatulia kwenye nyuzi 67 hivi. Funika, uzungushie blanketi, uache saa moja. Katika saa hiyo vimeng'enya vya kimea hugeuza wanga kuwa sukari, na kazi yako ni kutazama kipimajoto tu. Wengi huwasha biri hapa. Mimi naona ni mapema, kwa sababu bado utahitaji pua na ulimi wako kuonja togwa, na tumbaku huvifisha vyote viwili. Tumia saa hiyo kula, na ule chakula cha kushiba, mahamri na mbaazi kwa mfano, kwa kuwa nikotini ya biri ikikuta tumbo tupu huleta kizunguzungu, na mtu mwenye kizunguzungu hapaswi kusimama karibu na sufuria ya lita 23 zinazochemka.

Ikiisha saa, chuja togwa kwenye sufuria kubwa, kisha suuza machicha polepole kwa lita 14 za maji ya nyuzi 75 hadi sukari iliyobaki itoke. Machicha hayo wape kuku au ng'ombe, lakini weka ndoo tofauti yenye mchanga kwa ajili ya majivu na vishungi vya biri, kwa kuwa nikotini ni sumu na kishungi kimoja kikidondokea machichani kinaweza kumuua kuku.

Dakika kumi za mwanzo wa mchemko ndizo za hatari. Togwa linapokaribia kuchemka, povu la rangi ya maziwa huanza kukusanyika pembeni, hukutana katikati, hunyamaza kidogo, kisha hufura ghafla hadi ukingoni. Usiposhusha moto papo hapo na kulinyunyizia maji baridi, litamwagika, litazima meko na kuacha gesi ikitoka bila mwali. Mtu mwenye kiberiti mkono mmoja na biri mkono wa pili hawezi kufanya kazi hiyo. Subiri povu lishuke lenyewe na vipande vya protini kama yai lililokatika vianze kuzunguka ndani; tia gramu 40 za hopsi, anza kuhesabu dakika 60, na sasa washa biri.

Kata kichwa chake, yaani ncha inayotiwa mdomoni, milimita mbili tu kwa kikato chenye makali, maana ukikata zaidi jani la nje litafumuka. Toscano haina kichwa cha kukata. Tumia kiberiti cha gesi au njiti ndefu ya mbao. Kile cha petroli huacha ladha yake, na njiti nayo iachwe kwanza baruti iungue yote. Usiichovye biri motoni. Ishike juu kidogo ya mwali, uizungushe hadi mduara wote wa mguu wake, yaani ncha inayowashwa, uwe mwekundu, ndipo uvute. Mvuto mmoja kwa dakika unatosha. Ukivuta kwa haraka biri hupata joto na kuwa chungu. Moshi hukaa mdomoni na kutolewa, haumezwi, ingawa jambo hilo haliondoi madhara: saratani ya mdomo na ya koo huwapata wavuta biri pia, na watoto wasikae karibu. Anayevuta siku ya kupika tu amechagua kiasi kidogo kuliko anayevuta kila jioni, na hilo ndilo ninaloliona jema katika desturi hii.

Sufuria isifunikwe wakati wote wa mchemko, kwani mvuke hutoa nje harufu ya mboga iliyopikwa ambayo kimea cheupe huwa nayo. Kijiko cha kukorogea kishikwe kwa mkono usioshika biri. Zikibaki dakika 10, tia gramu 20 za hopsi zilizobaki, na huo ndio ukomo wa biri hata kama imebaki theluthi. Ilaze kwenye mchanga izimike yenyewe. Ukiibonyeza itanuka ua mzima. Kisha nawa mikono kwa sabuni hadi viwikoni, sukutua, na ubadilishe shati ikiwezekana. Dawa za kusafishia vyombo zenye spiriti zitolewe mchemko ukiisha tu, moto wote ukiwa umezimwa.

Kupoza ndiko kunakowatesa watu wa pwani. Maji ya bomba ya Malindi hayateremshi togwa chini ya nyuzi 30 bila barafu, na hamira nyingi za bia zikitiwa katika joto hilo hutoa ladha kali ya pombe na ya ndizi iliyoiva mno. Unaweza kununua barafu ya wavuvi na kuizungushia sufuria kwa nje, lakini ushauri wangu ni kubadilisha hamira badala ya kupigana na hali ya hewa. Kveik, hamira ya mashambani ya Norwei, hufanya kazi vizuri katika nyuzi 30 hadi 38 na hutoa bia safi. Hamira ya saison, ya mashambani ya Ubelgiji, huvumilia joto vilevile ingawa huleta ladha ya pilipili manga. Kwa kveik, poza hadi nyuzi 35, hamishia togwa kwenye ndoo iliyosafishwa, tia hamira, na ufunge kwa kizibo cha hewa, kile kinachotoa gesi nje bila kuingiza hewa ndani. Ndoo ikae chumbani, si kwenye chumba chenye biri, maana plastiki hunyonya harufu.

Haidromita, kile kipimo kinachoelea na kuonyesha wingi wa sukari katika togwa, siku hiyo itasoma karibu 1.048. Kveik humaliza kwa siku tatu hadi tano, lakini usiamini siku. Amini vipimo viwili vinavyolingana, vilivyopishana siku mbili, karibu na 1.011. Kwa hesabu hiyo bia ina kileo cha asilimia 4.9 hivi. Haidromita nyingi zimetengenezwa kwa nyuzi 20, hivyo katika nyuzi 28 ongeza 0.002 kwenye usomaji wako. Ukitia kwenye chupa kabla hamira haijamaliza, chupa zitapasuka. Yeyusha gramu 120 za sukari katika maji yaliyochemka, changanya kwa upole, jaza, ziba, na uache wiki mbili gizani. Siku ya kujaza chupa hakuna biri kabisa.

Bia ya kunywa pamoja na biri ni ile ya mpiko uliopita, na inywewe kwa glasi moja wakati wa mchemko, si zaidi, kwa sababu ya moto. Bia yenye hopsi nyingi hugombana na tumbaku, uchungu juu ya uchungu, na ndiyo maana mapishi haya yana hopsi chache. Bia nyeusi yenye ladha ya kahawa huendana na biri yenye jani jeusi. Bia nyepesi ya saison huendana na jani la rangi ya hudhurungi hafifu. Toscano, kwa moshi wake wa kuni, huishinda bia nyepesi yoyote, nayo huistahili hii ya kahawia, ikiwa imetolewa kwenye friji robo saa kabla ili ubaridi usifiche utamu wa karameli.