Iyan bila kinu: viazi vikuu vya kutwanga kwa blenda

Wayoruba wa Nigeria hutwanga iyan kwa kinu na mchi. Blenda nayo inatosha, mradi kiazi kiwe sahihi: kiazi kikuu cheupe, kikavu, kizito mkononi. Kile chenye majimaji mengi hakishikani, hata ukisage vipi.

Kilo 1 yatosha watu 3 au 4. Menya ganda nene kidogo (utomvu huwasha, paka mafuta mikononi), kata vipande vya sentimita 3, osha, funika kwa maji na chemsha dakika 20 hadi 25. Choma kwa uma: kipande kipasuke chenyewe. Kikiwa kigumu katikati, utapata madonge ambayo hakuna mashine itakayoyaondoa.

Usimwage maji yote. Bakiza kikombe 1. Saga viazi vikiwa vya moto, kidogo kidogo, kwa vijiko 3 au 4 vya maji hayo kila mkupuo, ukizima na kukoroga kwa mwiko visu vikikwama. Vikipoa wanga hukaza na madonge hurudi.

Kitakachotoka ni laini mno, kama uji mzito. Usiogope. Kirudishe kwenye sufuria, moto mdogo, songa kama ugali dakika 4 au 5, ukikandamiza ukingoni, mpaka kivutike na kuachana na sufuria. Mwenye mashine ya kukandia unga aitumie badala ya blenda: haihitaji maji mengi.

Finyanga tonge, funga kwa nailoni ya chakula lisikauke juu, na ule na mchuzi wa egusi (mbegu za jamii ya tikiti zilizosagwa).