Jinsi ya kupanga orodha ya "wa kwanza" kwenye safari za anga bila kuchanganya mambo

Chukua daftari au fungua eksel, weka safu tano: tarehe, chombo, nani alikuwemo, kitendo, na ya mwisho iite "masharti". Hiyo ya mwisho ndo muhimu kuliko zote na ndo watu wanairuka, matokeo yake mmoja anakwambia wa kwanza ni Gagarin yule rubani Msovieti, mwingine Laika yule mbwa wa Wasovieti, mwingine Armstrong yule Mmarekani aliyekanyaga Mwezi, wanabishana mpaka usiku kumbe kila mtu anaongelea kitu chake. Kabla hujaandika jina lolote jiulize, wa kwanza kufanya nini?

Anza na kitendo. Sayari au mwezi wowote una ngazi zake: kupita karibu, kugonga, kuzunguka, kutua salama, kutembea juu yake, kurudi na udongo wake. Tuchukue Mwezi maana ndo una mengi. Januari 1959 Luna 1 ya Wasovieti ilipita karibu nao kama kilomita 6,000 hivi, na ilikuwa imetumwa kuugonga kabisa, ikaukosa ikaenda zake kulizunguka Jua, kwa hiyo ikawa ya kwanza kwa kitu ambacho hata haikutumwa kukifanya! Septemba mwaka huohuo Luna 2 ikaugonga kweli, Oktoba Luna 3 ikapiga picha za ule upande ambao huku duniani hatuuoni kabisa. Kutua taratibu bila kuvunjika kulisubiri mpaka Februari 3, 1966, Luna 9, halafu Aprili ndo Luna 10 ikawa chombo cha kwanza kuuzunguka. Yaani kwa mitambo kutua kulitangulia kuzunguka, ila kwa binadamu ikawa kinyume, Wamarekani wa Apollo 8 waliuzunguka Desemba 1968 na Apollo 11 wakatua Julai 1969. Ndo maana usipange kwa kukisia, angalia tarehe.

Afu amua anga zinaanzia wapi. Shirikisho la kimataifa la urukaji, FAI, linahesabu kilomita 100 kwenda juu, Marekani wao wanampa mtu heshima ya uanaanga kuanzia kama kilomita 80, kwa hiyo kuna marubani wa ile ndege ya roketi X-15 ambao kwa hesabu moja ni wanaanga na kwa nyingine sio. Ukichukua kilomita 100 utakutana na kitu ambacho wengi hawakitegemei, chombo cha kwanza kufika huko sio Sputnik, ni roketi ya V-2 ya Wajerumani, Juni 1944, silaha ya vita, ilipanda kilomita 176 ikarudi chini. Sputnik 1 ya Oktoba 4, 1957 ndo ya kwanza kuingia kwenye obiti na kubaki ikizunguka dunia, na hilo ni jambo gumu zaidi maana kupanda juu peke yake hakutoshi, unahitaji mwendo wa karibu kilomita 8 kwa sekunde ili usidondoke.

Na wanyama ni hivyohivyo. Inzi wadogo wa matunda walivuka kilomita 100 mwaka 1947 ndani ya V-2 iliyorushwa na Wamarekani, Laika akaja Novemba 1957, kwa hiyo Laika ni mnyama wa kwanza kuzunguka dunia, sio wa kwanza kufika anga za juu. Hapo kwenye masharti andika pia kwamba hakukuwa na mpango wowote wa kumrudisha, na kwamba alikufa saa chache tu baada ya kuruka kwa sababu ya joto, jambo ambalo lilikuja kuwekwa wazi 2002. Inauma, lakini orodha inayomtaja bila hilo naona haimtendei haki.

Gagarin sasa, binadamu wa kwanza kufika anga za juu. Aprili 12, 1961, Vostok 1, mzunguko mmoja, dakika 108. Sharti lake ni kwamba alitoka kwenye chombo kikiwa kama kilomita 7 juu akashuka kwa parachuti yake mwenyewe, na kwa kuwa kanuni za FAI wakati ule zilitaka rubani atue na chombo chake, Wasovieti walilificha hilo kwa miaka. Kwangu mimi rekodi ni yake bila ubishi, ila andika. Na Mmarekani wa kwanza mpe mistari miwili, Shepard Mei 1961 alipanda na kushuka dakika kama 15, Glenn Februari 1962 ndo akazunguka dunia, mara tatu.

Kufika na kufanya kazi usiviweke kapu moja. Mars 3 ya Wasovieti ilitua Mirihi Desemba 1971 ikatuma mawimbi sekunde chache ikanyamaza moja kwa moja, Viking 1 ya Wamarekani ikatua Julai 20, 1976 ikafanya kazi zaidi ya miaka sita. Zuhura nako Venera 3 ya Wasovieti iligonga 1966 ikiwa tayari imeshapoteza mawasiliano, mpaka Desemba 1970 ndo Venera 7 ikatuma data toka juu ya ardhi yake kwa dakika 23. Andika zote, usichague moja.

Tarehe zote weka kwa saa za UTC, yaani saa moja ya pamoja inayotumika dunia nzima. Luna 2 iligonga Septemba 13 kwa UTC lakini Moscow ilishakuwa 14, na Armstrong alikanyaga Mwezi Julai 21 kwa UTC wakati Houston bado ilikuwa usiku wa tarehe 20.

Kwa watu, kuwa makini na uraia na asili. Ukisikia "Mwafrika wa kwanza" uliza tena: Arnaldo Tamayo Méndez wa Cuba ni mtu wa kwanza mwenye asili ya Afrika, 1980, Patrick Baudry alizaliwa Douala lakini aliruka 1985 akiwa Mfaransa, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akaruka 2002 kwa kujilipia. Na Tereshkova, mwanamke wa kwanza, Msovieti, aliruka Juni 1963, peke yake, karibu siku tatu, mwanamke wa pili, Savitskaya, akasubiri mpaka 1982, kisha 1984 huyohuyo akawa mwanamke wa kwanza kutoka nje ya chombo.

Mwisho ongeza safu ya "ilitangazwa lini" kwa ajili ya vitu kama Voyager 1, chombo cha Wamarekani kisicho na watu. Ilivuka kuingia kwenye anga iliyo kati ya nyota Agosti 25, 2012, ila wanasayansi walikuja kujiridhisha na kutangaza Septemba 2013 baada ya kupima hali ya plazima (gesi yenye chembe za umeme) inayoizunguka, na sharti lake ni kwamba imetoka kwenye eneo la upepo wa Jua tu, yaani chembe zinazotoka kwenye Jua, mvutano wa Jua bado unafika mbali sana kuliko hapo ilipo.