Taa ya Betri Inapokataa Betri za Kuchaji: Jinsi ya Kutafuta Chanzo

Taa iliyokuwa ikiwaka vizuri kwa betri za alkalaini (zile za kawaida zisizochajiwa) ikififia au kuzima mara inapowekewa betri za kuchaji, wengi huamua kwamba betri ni mbovu au taa imeungua. Mara nyingi vyote viwili ni vizima, na ni hasara kutupa chochote kabla ya kupima. Somo hili linahusu betri za AA na AAA zenye alama ya NiMH, yaani betri za kuchaji za nikeli. Andaa multimeta (kifaa cha kupima volti), pamba na siki kidogo.

Hatua ya 1: Jumlisha volti. Betri ya alkalaini imeandikwa volti 1.5, ya NiMH volti 1.2. Kwa taa ya betri tatu, hiyo ni volti 4.5 dhidi ya 3.6. Tofauti hiyo huonekana ndogo, lakini balbu ya LED nyeupe huhitaji takriban volti 3 ndipo iwake, na katika taa rahisi yenye resista (kipande cha kuzuia umeme usipite mwingi) peke yake, kinachosukuma mkondo wa umeme ni ile ziada inayobaki juu ya hizo 3. Ziada ya alkalaini ni 1.5, ya NiMH ni 0.6. Kwa hiyo volti zimepungua kwa sehemu moja ya tano tu, ilhali mkondo umeshuka hadi chini ya nusu ya ule wa awali. Taa ya betri mbili hubaki na volti 2.4, na LED nyeupe haiwezi kuwaka vizuri kwa kiasi hicho isipokuwa ndani kuna saketi ya kupandisha volti.

Hatua ya 2: Pima betri taa ikiwa imewashwa. Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, nami naiona kuwa muhimu kuliko zote, kwa sababu betri iliyochoka huweza kuonyesha volti nzuri ikiwa imetulia mezani. Ziache betri mahali pake, washa taa, kisha gusa ncha mbili za kila betri kwa waya za multimeta. Betri nzima yenye chaji hukaa karibu na 1.2. Ikishuka mara moja chini ya 1.0, ichaji upya, ikirudia, iondoe. Ukiona alama ya kutoa mbele ya namba ilhali waya umeziweka sawasawa, ujue betri hiyo imekwisha na wenzake wanaisukuma kinyume, jambo linaloiharibu.

Hatua ya 3: Kagua miguso, yaani bati zinazogusana na betri. Kichwa cha chanya cha baadhi ya betri za kuchaji ni kifupi, kwa hiyo hakifikii bati lililowekwa ndani kidogo ili kuzuia betri kugeuzwa. Ukikuta ukoko mweupe wa betri ya alkalaini iliyovuja, usugue kwa pamba yenye siki, pangusa kwa maji kidogo, kausha kabisa.

Hatua ya 4: Jaribu kwa alkalaini mpya. Taa ikiwaka vizuri, na betri zako zilifaulu hatua ya pili, basi taa hiyo ilitengenezwa kwa volti 1.5. Tumia betri za lithiamu za kuchaji zilizoandikwa 1.5V, ambazo zina saketi ya kudhibiti volti ndani. Usizichanganye na betri aina ya 14500: umbo lake ni kama la AA, lakini hutoa volti 3.7 na huweza kuunguza taa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, asante kwa somo. Je, taa ya bustani ya sola naweza kuiwekea alkalaini ili iwake zaidi?*

Hapana, ndugu yangu. Taa hiyo huichaji betri iliyomo, na alkalaini ya kawaida haikutengenezwa kuchajiwa. Huweza kuvuja na kuharibu taa.

*Kwa nini tochi yangu huzima ghafla bila kufifia kwanza?*

NiMH hushikilia karibu volti 1.2 kwa muda mrefu, kisha huporomoka mwishoni. Ukiona hata dalili ndogo ya kufifia, zima tochi, uzichaji betri zote pamoja.

*Chaja yangu huonyesha kwamba betri zimejaa baada ya dakika chache tu, lakini taa haidumu.*

Kama hazikuwa na chaji ulipoziweka, huenda ukinzani wa ndani (jinsi betri yenyewe inavyozuia mkondo) umepanda kwa uzee, na chaja hudanganywa na volti zinazopanda upesi. Zirudishe hatua ya pili. Zikianguka chini ya 1.0 zikiwa zimetoka kwenye chaja, zipeleke kunakokusanywa betri chakavu.