Kuwasilisha utafiti mbele ya jopo bila kukariri: hatua nilizompitisha binti wa mjomba

Wiki iliyopita nilikaa jioni tatu na binti wa mjomba wangu, yuko mwaka wa tatu chuoni, akijiandaa kuwasilisha kwa Kiingereza pendekezo lake la utafiti: nyanya zinazoharibika njiani kutoka Ilula, kule Iringa, hadi sokoni. Slaidi zake zilikuwa safi. Akifungua mdomo tu, balaa.

Hatua ya 1: Punguza slaidi

Dakika 10, slaidi 7 au 8. Herufi zisishuke chini ya saizi 24. Jedwali la kunakili kutoka kwenye ripoti, ng'oa.

Hatua ya 2: Lieleze kwa Kiswahili kwanza

Hapa ndipo muda unapoliwa, na ndipo wengi wanaporuka.

Nikiwa mwaka wa pili niliandika kurasa nne za Kiingereza, nikazikariri kwenye kimbweta, zile meza za kusomea nje chuoni, mpaka adhana ya alfajiri. Asubuhi nikasimama, dakika mbili za mwanzo nikateleza vizuri tu. Kisha mwenzetu aliyechelewa akafungua mlango. Neno likapotea. Nikarudi mwanzo wa sentensi, sikulipata. Nikarudi mwanzo wa aya, sikulipata. Darasa zima kimya. Aliyekariri hawezi kuingilia katikati: ni kama mtoto unayemuuliza siku inayofuata Jumatano, naye anaanza kuzihesabu kuanzia Jumamosi.

Kwa hiyo funga laptopu. Tafuta mtu asiyesoma kozi yako, mweleze utafiti wako kwa Kiswahili kwa dakika tatu, bila karatasi. Binti yetu alimweleza mama anayekaanga chipsi nje ya hosteli. Mama akamkata katikati: "Sasa mwanangu, si wanajaza matenga mpaka yanafura? Za chini zitaponaje?" Suala la ujazaji wa matenga alikuwa amelifukia slaidi ya 6. Tukalipandisha slaidi ya 2 usiku uleule.

Ukishaweza kulisimulia, andika hoja zako kwenye kipande cha karatasi, hoja moja maneno matano, isizidi. Sasa simulia kwa Kiingereza, kwa sauti, ukitazama kipande hicho tu. Rudia mara tatu. Kila mara sentensi zitatoka tofauti, na ndivyo tunavyotaka. Zikitoka zilezile neno kwa neno, ujue umeshaanza kukariri tena.

Ila kuna mambo ya kuangalia:

- Usitafsiri sentensi moja moja. Utakwama kwenye "tenga" na kupoteza hoja nzima. Beba wazo, vaa maneno yatakayokuja.
- Istilahi kumi hivi za mada yako, pamoja na tarakimu zako, hizo kariri. Zitamke kwa sauti mpaka ulimi uzizoee.
- Sentensi ya kwanza na ya mwisho pia kariri. Sekunde zile za mwanzo moyo unapiga ngoma, huwezi kutunga kitu.
- Ukikwama, soma kichwa cha slaidi kwa sauti, vuta pumzi, endelea. Usiombe samahani. Nusu ya watu hawajagundua, wewe ndiye unayewatangazia.
- Kuchomekea neno la Kiswahili, muulize msimamizi wako mapema. Wapo wasiojali, wapo wanaokata alama.
- Mazoezi ya kimoyomoyo hayahesabiki. Midomo itikisike.

Hatua ya 3: Jirekodi

Rekodi sauti kwa simu, siyo video. Ukijiona kwenye video utaishia kushughulika na nywele na mikono. Kioo nacho sikipendi kwa sababu hiyohiyo. Sikiliza vitu viwili tu: "eee" ngapi, na sentensi zipi unazimeza mwishoni. Ukipewa dakika 10, lenga kumaliza kwa 8 na nusu, maana siku yenyewe kutakuwa na kusubiri projekta iamke.

Hatua ya 4: Chumba

Fika mapema. Faili liwe kwenye fleshi na kwenye barua pepe, pamoja na nakala ya PDF, kwa sababu kompyuta ya darasani inaweza kuvuruga fonti. Angalia projekta inakula waya wa HDMI au wa VGA. Picha isipotokea, bonyeza Windows na P. Ukitaka watu wakutazame wewe, bonyeza B, PowerPoint itazima picha kwenye skrini. Bonyeza tena irudi. Kalamu ya leza iache nyumbani, mkono ukitetemeka kile kidoti chekundu kitakuumbua ukutani. Na chapisha slaidi zako, umeme hauna miadi.

Hatua ya 5: Maswali

Andika swali likiulizwa. Lirudie kwa maneno yako, kisha jibu. Usilolijua sema hulijui, halafu eleza utalitafutaje. "Asante Dokta, hilo sikulipima, ila naweza kuliongeza kwenye dodoso" ni jibu kamili. Kubishana na jopo ni kujitafutia marekebisho ya mwezi mzima.

Aliwasilisha Alhamisi. Alikwama mara moja, slaidi ya 4; akasoma kichwa chake, akavuta pumzi, akaendelea. Jopo lilimkamata kwenye ukubwa wa sampuli, na jioni hii ndiyo tunaupiga hesabu upya.