Kabla ya Kufunga Safari ya Hija: Mambo ya Kutangulia Kuyaweka Sawa

Kila mwaka, wiki kadhaa kabla ya tarehe 3 Juni, katika barabara zinazoelekea Kampala huanza kuonekana makundi ya watu wanaotembea kwa miguu, rozari mkononi na mzigo mdogo mgongoni, wakienda Namugongo, mahali ambapo Karoli Lwanga na wenzake waliteketezwa kwa moto mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Msimu mwingine, katika viwanja vya ndege vya Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa, huonekana wazee wenye mabegi ya rangi moja wakiagwa na ukoo mzima kuelekea Makka. Wahindu wa pwani yetu nao wana safari zao za Mto Ganga, na Mashia Ithnaasheri wana Karbala, Iraq, penye kaburi la Imamu Hussein, mjukuu wa Mtume Muhammad. Safari hizi zinatofautiana kwa imani, kwa umbali na kwa gharama, lakini maandalizi yake hukosewa kwa namna moja: wiki za mwisho humalizwa madukani.

Sabuni, mwavuli, shuka na hata viatu vinapatikana Makka, Yerusalemu na Varanasi ya India, na mara nyingine kwa bei nafuu kuliko nyumbani. Kibali, chanjo iliyokwisha kufanya kazi mwilini, tarehe sahihi na miguu iliyozoea mwendo havipatikani huko kwa bei yoyote. Ndiyo maana ningemshauri anayejiandaa aanze na yale yasiyonunulika huko aendako, na mabegi ayaache mwisho.

La kwanza ni tarehe, nayo si jambo jepesi kama linavyodhaniwa, kwa sababu maeneo mengi matakatifu hayafuati kalenda iliyotundikwa ukutani kwetu. Hija ya Makka hufanyika kuanzia tarehe 8 hadi 13 Mfunguo Tatu (Dhulhija, mwezi wa mwisho wa Kiislamu), na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 10 au 11, msimu wake husogea nyuma kila mwaka. Mwaka 2024 ulikuwa katikati ya Juni, mwaka 2025 mwanzoni mwa Juni, na miaka inayofuata utaingia Mei na baadaye Aprili. Anayeweka akiba kwa miaka mitano ajue basi kwamba hatasafiri katika hali ya hewa ileile aliyosimuliwa na jirani yake. Matembezi ya Arubaini ya Imamu Hussein, yaani siku ya arubaini baada ya kumbukumbu ya kifo chake, kwenda Karbala hufikia kilele tarehe 20 Mfunguo Tano (Safar) na husogea vivyo hivyo. Wakristo wa Othodoksi huhesabu Pasaka kwa kalenda ya zamani, kwa hiyo anayetaka kuwa Yerusalemu katika Juma Kuu aulize kwanza ni Juma Kuu la nani. Lalibela, Ethiopia, kwenye makanisa 11 yaliyochongwa katika mwamba, Noeli huadhimishwa tarehe 7 Januari. Santiago de Compostela, Hispania, mwaka huitwa mtakatifu pale sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, tarehe 25 Julai, inapoangukia Jumapili, na mwaka ujao wa namna hiyo ni 2027. Anayetafuta baraka za mwaka huo ajiandae pia kwa msongamano wake.

Kuna swali lingine ndani ya hili la tarehe, nalo ni iwapo ni lazima kwenda siku ya kilele. Hija ya Makka haina mbadala wa siku, lakini umra inafanyika karibu mwaka mzima, na Namugongo iko wazi siku nyingine zote. Katika Kumbh Mela ya Prayagraj, India, mkusanyiko wa Wahindu wa kuoga katika Mto Ganga, uliofanyika tarehe 13 Januari hadi 26 Februari 2025, watu wasiopungua 30 walikufa kwa kukanyagana alfajiri ya tarehe 29 Januari, ambayo ilikuwa moja ya siku kuu za kuoga. Mto ni uleule wiki moja baadaye. Mwenye kumpeleka mzazi mzee, au mtoto, apime jambo hili kwa utulivu akiwa nyumbani.

Baada ya tarehe kinafuata kibali, na hapa ndipo pesa za watu wengi zinapopotelea. Viza ya kuingia nchi na ruhusa ya kuingia mahali patakatifu ni vitu viwili tofauti. Saudi Arabia hutoa viza za aina nyingi, lakini anayekwenda kuhiji lazima awe na viza ya hija na kibali cha hija chenye jina lake. Viza ya matembezi haimruhusu kuhiji hata kama imempitisha uwanja wa ndege. Mwaka 2024 joto lilipozidi nyuzi 50, serikali ya nchi hiyo ilitangaza vifo vya watu 1,301, na zaidi ya wanne kati ya kila watano hawakuwa na kibali. Ukosefu wa karatasi uliwaua kwa njia ya moja kwa moja: wasiosajiliwa hawakuwa na nafasi katika mahema yenye vipoza hewa wala katika mabasi, wakatembea mwendo mrefu juani. Kwa hiyo wakala anayesema kwamba mambo yatanyooshwa mkifika huko anamweka mteja wake hatarini, na jibu la busara ni kudai risiti, kuthibitisha usajili wake kwa mamlaka ya hija ya nchi yako, na kutolipa fedha zote kabla ya kuona kibali.

Kwingineko mambo ni mepesi kidogo, ila si ya kupuuzwa. Wabahai, wafuasi wa dini ya Kibahai, wanaotaka kuhiji Haifa, Israel, kwa siku tisa huomba nafasi mapema na kusubiri zamu. Mlima Athos wa Ugiriki, wenye monasteri za Kiothodoksi, hupokea wanaume tu, tena wenye hati iliyoombwa kabla. Anayekwenda Nchi Takatifu akumbuke kwamba Bethlehemu iko Ukingo wa Magharibi, hivyo pasipoti iwe mwilini kila siku na isiachwe hotelini. Pia afuatilie tangazo la usalama la serikali yake hadi wiki ya kuondoka, maana njia hufungwa bila taarifa ndefu. Kwa Namugongo, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huvuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa, ilhali Mtanzania achukue pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Kwa safari zote za mbali pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi sita, na jina lililo ndani yake lilingane na la tiketi na la kadi ya chanjo. Kwetu, ambako mtu mmoja huweza kuwa Bakari shuleni na Abubakar msikitini, kosa hili ni la kawaida kuliko tunavyokiri.

Chanjo zina hesabu ya siku. Ile ya homa ya uti wa mgongo, inayotakiwa kwa hija na umra, ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika. Cheti cha homa ya manjano nacho huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchanjwa, ingawa tangu mwaka 2016 kimekuwa halali kwa maisha yote ya mwenye nacho. India hulichukulia jambo hili kwa ukali: msafiri atokaye katika nchi yenye ugonjwa huo bila kadi ya njano anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita, na siku sita ndizo zinazomaliza hija ya wengi. Wenye shinikizo la damu na kisukari wabebe dawa za kutosha mara mbili ya siku za safari, nusu zikiwa katika mkoba wa mkononi, pamoja na barua ya daktari inayotaja dawa hizo kwa majina yake. Dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli zinadhibitiwa vikali Saudi Arabia, na miraa ni marufuku kabisa. Kwa sababu hiyohiyo usipokee kifurushi cha mtu kilichofungwa, hata kama mwenye kukileta ni shemeji yako na anasema ni kisamvu kikavu cha mwanawe aliye Jidda.

Wanawake Waislamu wana hesabu nyingine ambayo vikundi vingi huizungumza kwa minong'ono wakati ingefaa ielezwe wazi: mwenye hedhi hatufu, yaani haizunguki Kaaba, mpaka atwaharike. Tarehe ya ndege ya kurudi isipoacha nafasi, matatizo hujitokeza siku ya mwisho. Daktari na mwanachuoni waulizwe miezi miwili kabla, si chumbani Makka usiku wa kuamkia safari.

Sasa miguu. Tawafu ni mizunguko saba ya kuizunguka Kaaba, na sai, mwendo baina ya vilima vya Safa na Marwa, ni safari saba zinazofikia kilomita tatu na ushei, kabla hata hujahesabu Mina, Arafa, Muzdalifa na kurusha mawe. Kutoka Najaf hadi Karbala ni takriban kilomita 80. Anayetaka cheti cha Santiago lazima atembee angalau kilomita 100, au aendeshe baiskeli kilomita 200, na kijitabu chake kigongwe mihuri njiani. Hakuna mwili unaozoeshwa mambo haya kwa wiki moja. Miezi mitatu ya kutembea, kuanzia nusu saa na kuongeza polepole, ukiwa na mzigo uleule utakaobeba, inatosha kwa mtu mzima mwenye afya ya kawaida. Viatu vizoezwe pamoja na miguu, kwani viatu vipya vilivyofunguliwa asubuhi ya safari huzaa malengelenge kabla ya jioni. Mwanamume wa Kiislamu asisahau kwamba akiwa ndani ya ihramu, hali ya hija yenye vazi la shuka mbili, hatavaa soksi wala viatu vya kufunika vifundo. Raba alizofanyia mazoezi miezi mitatu zitabaki begini, na zile ndala alizonunua bila kuzijaribu ndizo zitakazombeba. Afanye mazoezi kwa ndala hizo. Mapaja nayo hubabuka kwa msuguano, na mafuta ya kuyapaka yawe yasiyo na harufu, kama ilivyo kwa sabuni, maana manukato hayaruhusiwi katika ihramu.

Mwendo wa bila viatu nao unahitaji mazoezi. Hekalu la Dhahabu la Masingasinga huko Amritsar, India, makanisa ya Lalibela na mahekalu ya Kibuddha hutaka viatu viachwe mlangoni, na sakafu ya marumaru mchana wa Aprili haina huruma. Kimfuko cha kitambaa cha kubebea viatu vyako ni kitu kidogo chenye manufaa kuliko vingi vinavyouzwa kwa jina la vifaa vya safari.

Kila mahali pana adabu yake ya mlangoni, nayo hujifunzwa kabla. Makka haiingiwi na asiye Mwislamu. Kwenye Ukuta wa Magharibi wa Yerusalemu wanaume hufunika vichwa na husali upande wao, wanawake upande wao, na siku ya Sabato hapaandikwi wala hapapigwi picha. Katika uwanja wa Al-Aqsa, uliopo juu yake, wasio Waislamu huingia kwa saa maalumu tu, na si Ijumaa wala Jumamosi. Bodh Gaya, India, penye mti unaokumbukwa kuwa hapo Buddha alipata nuru, simu haziingii hekaluni, na wanaozunguka huzunguka kwa kuuweka mkono wa kulia upande wa hekalu. Varanasi, kwenye ngazi za kuchomea maiti, kamera ifichwe. Wale ni wafiwa. Amritsar kichwa hufunikwa na tumbaku haiingii hata mfukoni, kisha kila mtu, wa dini yoyote, huketi chini na kula chakula cha jikoni moja bila malipo. Ukarimu huo Wakenya wengi wameuonja karibu zaidi, kwenye hekalu la Masingasinga la Makindu, kando ya barabara ya Mombasa na Nairobi, na ukitaka kujizoesha adabu zao kabla ya kupanda ndege, hapo ni mahali pazuri pa kuanzia.

Mambo madogo ya nchi nayo yana uzito. Kibeho, Rwanda, ambako wasichana wa shule walisema wametokewa na Bikira Maria kuanzia tarehe 28 Novemba 1981, na ambako Kanisa liliyathibitisha matokeo hayo mwaka 2001, hujaa kila Novemba, mwezi wa mvua. Mwavuli na sweta ni lazima. Mifuko ya plastiki huchukuliwa mpakani, kwa hiyo mahujaji wanaofunga sandwichi na nguo zao kwa mifuko hiyo hujikuta wakizipakua mbele ya maofisa. Tumia kikapu au mfuko wa kitambaa.

Limebaki lile ambalo wazee wa pwani hulianza wao, nami nimeliweka mwisho kwa sababu hulifanyi mpaka umehakikisha kwamba kweli unasafiri. Anayekwenda Makka hulipa madeni yake au huwaomba wadai wake muda, huandika wasia, huacha matumizi ya nyumbani ya kutosha hadi atakaporudi, kisha hupita nyumba kwa nyumba kuomba radhi kwa ndugu na majirani. Hata kwa safari ya siku tatu ya Namugongo utaratibu huu unafaa. Pamoja na wasia, iachwe nyumbani bahasha yenye nakala ya pasipoti, ya bima na ya tiketi, namba ya kiongozi wa kikundi, jina la hoteli, na orodha ya dawa unazotumia, na akabidhiwe mtu mmoja anayejua kusoma, anayepokea simu usiku.